Mkoa Umeuza Asali Ambayo Haijarinwa

Benchi langu liko kati ya kinyozi na fundi baiskeli, na wote wawili nimewazaa mimi. Mkubwa ananyoa, wanamwita Wembe. Mdogo anaziba pancha, wanamwita Spoku. Kahawa naipika hapo katikati, maana nikiondoka hakuna wa kupeleka maneno: tangu msimu uliopita wa asali wanangu hawa hawasemeshani. Mmoja anakaa ncha hii ya benchi, mwingine ncha ile, na njia yao ni mimi. Jioni hiyo katikati walikaa Redio, anayejua habari kabla hazijatokea, na Karani, aliyestaafu ofisi ya mkoa ila kalamu bado iko mfukoni. Habari ilikuwa moja. Mkoa umetiliana saini na nchi ya nje, watanunua asali yetu, na ya kuonja itatoka kwenye mizinga aliyotuachia marehemu mume wangu.

Redio: Wameshakunywa chai na mkuu wa mkoa. Bendera mbili mezani. Nimeambiwa na aliyepanga viti.

Karani: Ile si chai, ni makubaliano. Kwanza wanaonja, halafu wanakuja wataalamu, halafu inaundwa kamati, ndipo biashara.

Redio: Wewe na kamati zako. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawa wamepanda ndege, wametufuata sisi. Basi nyuki ni sisi.

Karani: Methali haiendi hivyo.

Redio: Inaenda, ila polepole.

Spoku akafuta grisi mkononi.

Spoku: Mama, mwambie mwanao wa kwanza wageni wakija naongea nao mimi. Mizinga mingi iko upande wangu.

Wembe: Mama, mwambie kitindamimba wako mizinga haina upande. Baba aliitundika, hakuigawa.

Nikasema: Mmesikiana. Mimi si mnara wa simu.

Redio: Lakini Bibi, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Si umechukua? Benchi limejaa, kahawa inatoka.

Nikamwambia: Imalizie hiyo methali. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Kapuni mwangu wanalala panya.

Wakarudi kulekule. Hao wageni asali yote hiyo wanaipeleka wapi?

Karani: Hospitali. Wanapaka vidonda.

Redio: Vidonda gani vya kumaliza mizinga ya mkoa mzima? Ile inakwenda kwenye ndege. Kwao baridi, mafuta yanaganda. Wanatia asali, mashine inateleza.

Spoku: Asali haitelezeshi, inanata. Mimi fundi nakwambia. Itie kwenye mnyororo uone kama utafika sokoni.

Wembe: Mama, mwambie huyo fundi hapo kasema kweli.

Spoku akainamia tairi kama hakusikia, ila masikio yale niliyazaa mimi, nayajua. Alisikia.

Redio: Basi na hili mlikatae. Nyuki wao wamegoma. Wanafanya kazi saa za ofisi tu, Jumamosi mzinga umefungwa.

Karani: Kama ni hivyo, watawataka nyuki wenyewe. Na nyuki hasafiri bila pasipoti, na pasipoti haitoki bila cheti cha kuzaliwa. Hapo mkoa utakwama.

Wala hakuwa anatania. Karani hajui kutania.

Redio: Mwaka kesho mtanikumbuka. Lami itafika hapa mlangoni kwa Bibi. Watoto watasomeshwa lugha yao. Hata kwenda kwa mkuu wa mkoa utagongewa muhuri wa pasipoti.

Wembe: Na vichwa vyao vitataka kunyolewa.

Nami siwafichi, kichwani nilishaezeka bati jipya mpaka jikoni.

Ndipo gari la mkoa likasimama. Dereva akashuka na ndoo nyeupe zenye vifuniko, akazipanga karibu na jiko langu. Hakuwa mtu wa benchi letu, hajui nani hasemi na nani.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

Akanywa amesimama.

— Nimeagizwa niache ndoo. Kesho mchana nazifuata zimejaa, wageni wanaonja, halafu wanakwenda mkoa wa jirani. Hebu nielekezeni. Nani anapanda na nani anashika moshi?

Redio akachungulia kikombe chake. Karani akachomoa kalamu, akairudisha.

Kwetu asali wanarina wawili. Mmoja yuko juu na kisu, mwingine yuko chini yake kwenye ngazi na mwenge wa moshi, na yule wa juu roho yake iko mkononi mwa yule wa chini. Msimu uliopita Wembe alishika moshi. Simu ikalia, mteja, akashuka ngazi akasogea pembeni kuongea. Moshi ukafa. Spoku alishuka bila ngazi, na uso ukavimba hata mimi mama yake nikamtambua kwa shati. Hilo angelisamehe. Lakini kaka yake badala ya pole alisema, mbona nyuki wenyewe walikuwa wachache.

— Nimeuliza vibaya? dereva akasema.

— Umeuliza vizuri, ndiyo tabu yenyewe, nikamwambia.

Karani: Labda iundwe kamati.

Hakuna aliyecheka.

Spoku: Mama, mwambie dereva mimi sipandi. Akawatafute watu wengine mkoa huu.

Sikumwambia dereva kitu. Nilikaa na birika mkononi, nikaona bati langu linang'oka, na asali ya baba yao inaachwa mtini kwa ajili ya neno moja.

Wembe akainuka. Akapita nyuma ya benchi, akanipita na mimi, akasimama mbele ya mdogo wake, nywele za watu zimejaa kwenye aproni.

— Nitapanda mimi. Wewe shika moshi.

Spoku anakaza nati.

— Na ukitaka kuondoka uniache juu, ondoka. Sitakuuliza.

Spoku akaiweka spana chini. Akamtazama kaka yake usoni kwa muda, shavu hili na lile, kama anayepima litavimba kiasi gani.

— Nitafikiria, akasema.

Alimwambia yeye, si mimi.