Soketi Tatu za Siku ya Maulidi

Mama zangu, nimewasalimu. Nitasema nikiwa nimekaa. Magoti yamechoka, na jambo hili lenyewe nimechoka kulibeba.

Mnamjua mjukuu wangu, niliyeachiwa na marehemu binti yangu akiwa bado ananyonya. Sasa yuko chuo kikuu, shahada ya pili, mambo ya kompyuta. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitaeleza nilivyoelewa. Ana kompyuta kuukuu tisa, kazinunua moja moja kwa mafundi wa Katwe, kazipanga chumba changu cha nyuma. Zinagawana kazi moja kubwa: vipimo vya maji ya mvua kwenye mitaro ya mabondeni, vinaingia kila dakika. Kila kipimo kinawekwa katika kompyuta tatu, moja ikifa mbili zibaki nacho. Aliniambia mwenyewe mimi bibi yake, "Jaja, ikizimika moja, kazi haifi."

Neno hilo nililishika kuliko alivyotaka.

Mnakumbuka tulivyopikia maulidi kwangu. Soketi hazikutosha. Nikachomoa kompyuta ya dirishani, nikachomeka pasi. Kimya. Nikachomoa ya pili, nikaweka blenda ya ukwaju. Kimya tena. Nikachomoa ya tatu, nikachomeka friji. Si alisema kazi haifi? Na mvua ilivyonyesha mchana ule, nyote mnaijua. Mlipoondoka nikazirudisha, nikazifuta vumbi kama mtu mwema.

Aliporudi akakuta kazi imesimama, na vipimo vya mvua ile, kubwa kuliko zote, havipo. Akauliza kama kuna mtu aliingia chumbani. Nikasema hakuna, umeme ulikatika. Akasema umeme ukikatika zinazimika zote tisa. Hizi ni tatu, moja baada ya nyingine. Nikamwambia basi kazi yako ndiyo mbovu.

Ndugu zangu, nawaambia, nilisema hivyo bila hata kukohoa. Na mtoto akaniamini.

Majuma matatu alivunja alichokiandika, akaandika upya, akavunja tena. Sahani yake ilirudi jikoni ilivyokwenda. Siku ya kusimama mbele ya walimu wake ikawa inakaribia. Nami nilikuwa naswali, nikitoa salamu namsikia anabonyeza vile vitufe, naondoka na mkeka wangu.

Asubuhi moja nikamkuta anakunja nyaya, anazitia kwenye gunia la mkaa. Amempigia fundi wa Katwe aje azichukue. Hakulia. Alisema, "Jaja, siwezi kusimama mbele ya watu nieleze kitu ambacho mwenyewe sikielewi."

Nimezika mume, nimezika binti, sikukaa chini. Siku hiyo nilikaa sakafuni. Nikasema, "Ni mimi. Nilianza na ya dirishani, kwa ajili ya pasi."

Nilingoja maneno. Akatafuta kalamu. "Ya pili ni ipi? Saa ngapi?"

Saa sikuzijua. Ndipo nikapita kwenu, mlango kwa mlango, na aibu yangu mkononi. Mmoja wenu akakumbuka pasi ilikuwa kabla ya adhana ya adhuhuri. Mwingine alikuwa ndiye anayesaga ukwaju. Nikampelekea, zikalingana na saa ambazo kompyuta zenyewe ziliandika. Kazi yake haikuwa na kosa: ilipangwa kuvumilia mashine moja kufa, si tatu.

Fundi alipofika, akarudishwa na chai tu. Walimu wamempitisha. Mvua ya mchana ule haikurudi, na katika kitabu chake cha shahada imeandikwa kwamba mashine tatu zilichomolewa na mtu wa nyumbani. Jina hakutaja. Hajanisamehe sawasawa, lakini anakula.

Nawashukuru mlionifungulia mlango mkanikumbushia bila kunicheka. Yule aliyecheka pia, asante, saa yake ndiyo ilikuwa sahihi. Ninyi mnaolea wajukuu kama mimi, ukiharibu kitu cha mtoto, mwambie ulichofanya na ulianzia wapi. Usimwache atafute kosa lako ndani yake.

Na maulidi yajayo ni kwangu tena. Pasi mje nayo ya mkaa.