Tata Stanislas Aliyeitika Mwenyewe

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, mzee wetu, Tata Stanislas Ntambwe, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya mota za umeme, hapa Manika, Kolwezi. Aliingia mwaka 1994 akiwa fundi wa kusuka nyaya, anaondoka akiwa msimamizi wetu sote. Mota nyingi zinazovuta maji migodini zimepita mikononi mwake, na nyingine bado zinazunguka kwa ukaidi kama wake.

Sheria yake tunaijua. Asubuhi, kabla umeme haujawashwa, yeye anaita majina, na kila mtu anaitika "Niko!" kwa kinywa chake. Asiyeitika huenda bado ana mkono ndani ya mashine. Siku moja mimi nilimwitikia Ruffin, fundi mwenzangu, ambaye alikuwa nje ananunua maandazi. Tata Stanislas akatusimamisha wote juani saa nzima, mpaka bosi mwenyewe akaja kuuliza kulikoni. Tangu hapo sijamwitikia mtu.

Mwaka 2021 sauti yake ilianza kukwaruza. Ilikuwa kansa ya koo. Akatibiwa kwa mionzi kule Lusaka, akarudi, tukachinja mbuzi. Mwaka na nusu baadaye kansa ikarudi palepale. Madaktari wakamweleza kwamba mionzi ya pili haimfai. Kilichobaki ni upasuaji wa kutoa kisanduku cha sauti, awe anapumua kwa tundu la shingoni. Yeye, mwimbaji wa besi kanisani, akakataa. Tuliogopa sana. Wiki tatu alikuja kazini bila kumtazama mtu, hadi mkewe, Mama Tshibola, alipomsimamisha getini mbele yetu: "Mi nataka weye, hapana sauti yako." Akaenda kupasuliwa.

Alirudi na ubao mdogo wa chaki. Mama Mado wa ofisini, kwa huruma yake, naye akawa anamwandikia kila kitu kwenye karatasi, wiki nzima, mpaka Tata akamwandikia: "Mama, masikio badaktari habakukata."

Sasa majina aliyaita Ruffin. Siku ya kwanza alipofika kwenye jina la Stanislas, tukaitika sote kwa pamoja, kwa mapenzi tu. Tata akapiga meza, akaandika: "Hakuna mutu anaitikia mwenzake. Mungojee." Tukangoja. Kila asubuhi jina lake likiitwa, aligonga nyundo mara moja juu ya kipande cha reli, ndipo umeme ulipowashwa. Jioni, nyumbani, alijifunza kumeza hewa na kuitoa iwe sauti, gesi ya soda ya Fanta ikimsaidia, wajukuu wakicheka kila akicheua.

Ilichukua miezi saba. Jumanne moja ya Februari mwaka jana, Ruffin akaita, na nyundo haikugonga. Ikatoka sauti nzito, yenye mikwaruzo, isiyofanana hata kidogo na ile ya zamani: "Niko." Ruffin alilia. Mimi pia nililia, wala sioni haya kulisema.

Uchunguzi wa mwezi uliopita haukuonyesha dalili ya kansa, na ataendelea kupimwa.

Tata Stanislas, asante kwa mikono yetu, ambayo yote ipo mizima. Nenda Kasaji ukalime mihogo yako pamoja na Mama Tshibola. Tunawaombea afya na miaka mingi ya raha. Jina lako hatulifuti kwenye orodha. Kila Jumatatu Ruffin ataliita, tutangoja kidogo, kisha tutawasha umeme. Hakuna atakayekuitikia. Siku ukipita Kolwezi, ingia uitike mwenyewe.