Bahasha Iliyobaki Kabatini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, tarehe 30 Juni mwenzetu wa chumba namba saba anastaafu. Jina lake limeandikwa mlangoni, ila sisi tunamwita Bi Bahasha, na anaitika.

Kazi yake ni kukadiria kiini cha atomu kitakaa muda gani kabla hakijatema chembe ya alfa na kugeuka kitu kingine. Vipo vinavyokaa miaka na mikaka, na vipo vinavyokwisha kabla hujapepesa jicho. Alikokotoa, akaandika jibu, akalifunga kwenye bahasha na kumkabidhi katibu muhtasi kabla wapimaji hawajawasha mitambo. Hakutaka hata upenyo wa kuchakachua jibu akishaona matokeo. Loo, tulimcheka!

Mwaka wake wa tisa, bahasha ilifunguliwa mbele ya wageni. Kaandika dakika arobaini, wapimaji wamepata nne! Alikuwa amekichukulia kiini kuwa duara kama mpira, kumbe kimerefuka kama yai. Mimi, jirani yake wa meza, nilimnong'oneza asingizie kosa la uchapaji. Alinikata jicho nikanywea.

Karatasi ile aliibandika nyuma ya mlango wake, aione kila akitoka. Akaanza hesabu upya, miaka miwili mizima, huku wakubwa wakitaka kumhamishia maktaba. Hakutetereka. Bahasha kumi na nne zilizofuata, hakuna ambayo jibu lake lilizidi mara mbili ya kipimo au kushuka chini ya nusu yake, na kwenye kazi hii hiyo ni shabaha ya kuringia.

Binti yake anasema hata mchumba alipokuja nyumbani, mama aliandika kitu akafunga bahasha. Ndoa ina miaka sita sasa, na mama bado hataki ifunguliwe.

Hapa kazini imebaki bahasha moja haijafunguliwa. Kipimo chake kimeahirishwa mara tatu, kitafanyika mwakani, na ndicho kitakachoamua kama taasisi itaendelea kutumia njia yake au itaitupa. Juzi nilimsihi aichukue tu, aondoke na sifa zake salama. Alicheka, akanikabidhi ufunguo wa kabati ilimofungiwa. Mimi, yule wa kosa la uchapaji!

Ahsante sana, dada yetu. Kapumzike, ulale mpaka jua likuchoke, afya na furaha zikuandame. Siku ya kufungua, kiti chako kitakuwa mbele kabisa. Ufunguo ninao mfukoni, na wallahi sijachungulia.