Prodromos wa "Ghorofa ya Tatu" Anastaafu

Miaka kumi na tisa na miezi minne: ndiyo aliyotupa Prodromos Tsakalidis, na Ijumaa, tarehe 31 Januari, anastaafu. Alikuja studio hapa Thesalonike akiwa seremala, kwa wiki mbili tu, atengeneze kabati la "Ghorofa ya Tatu", tamthilia yetu ya marafiki watatu, wanaume wanaopenda wanaume, na mama zao, na wapenzi wao, na ugomvi wao usioisha. Kabati likaisha, yeye akabaki, akawa msimamizi wa vifaa vyote vya seti.

Kila nyumba mliyoiona kwenye tamthilia ni kazi ya mikono yake. Waandishi walileta maneno. Yeye alileta jozi mbili za ndara kubwa mlangoni, miwani mbili kando ya kitanda, godoro lililobonyea upande mmoja. Watazamaji walituma barua wakiuliza anayajuaje haya. Alijibu kwamba ana macho.

Alikosea pia, tusimfanye malaika. Kwenye kipindi cha Mwaka Mpya kulikuwa na keki ya desturi yetu, ile inayotiwa sarafu moja, anayeipata ana bahati. Prodromos akatia sarafu katika kila kipande, asije mwigizaji aliyepangiwa kuipata akaikosa. Mwigizaji wetu Vangelis akavunjika jino mbele ya kamera. Yale mayowe mliyoyasifu hayakuwa uigizaji.

Sasa niseme la kweli. Nyumbani kwake yupo Argyris, fundi saa, mwaka wa thelathini huu. Hapa kazini Prodromos alimwita mpangaji. Mpangaji gani anakukunjia leso na kukufungia maharage yasiyo na kitunguu? Mimi mpishi nilijua, nikanyamaza. Aliogopa mafundi wa taa watamcheka, na mtu havutwi kwa nguvu kutoka alipojificha.

Mwezi huu sisi wafanyakazi tulikata keki yetu ya Mwaka Mpya. Yeye ndiye hukata, na kila kipande hutajiwa mwenyewe: cha Kristo, cha nyumba, kisha cha kila mtu wetu. Argyris alikuwa mlangoni na koti lake, amekuja kumchukua. Kisu kikasimama. Prodromos akasema, "Hiki cha Argyris, mume wangu."

Fotis, mkubwa wa taa, yule mwenye mdomo mchafu, akafoka: "Miaka yote hiyo umemnyima mtu keki? Huna haya, mzee!" Akambebea Argyris sahani yeye mwenyewe. Prodromos akalia, nikamwambia apanguse pua, analowesha chakula.

Asante, mwanangu, kwa kazi safi na kwa kutuvumilia. Kula vizuri, lala mchana, zeekeni pamoja mkigombana kidogo kidogo. Na wewe Argyris, Ijumaa njoo kwenye karamu ya kumuaga umevaa vizuri. Mtakaa meza ya mbele, wote wawili, na atakayenuna ataniona mimi.

Bibi Evlambia, jikoni