Mafuta ya Friji

Benchi la Lukmani lilikuwa mlango. Simioni, balozi wa nyumba kumi, aliung'oa kwenye nyumba yake ya zamani upande wa Ringwani siku walipohamishiwa kijijini. Nyumba mpya, iliyopimwa na vijana wa wilayani, ikatoka na nafasi nyembamba kuliko mlango wenyewe, hivyo ukalazwa juu ya mawe mbele ya duka la kijiji ukawa kiti cha watu wasio na haraka. Hapo Lukmani, mtu wa Tanga aliyekuja kushona makoti akaishia kuuza kahawa, alikuwa akipikia mkaa. Masika ya mwaka themanini yakalowesha mkaa wote, akahamia jiko la mafuta ya taa. Dukani mafuta ya taa hayakuonekana tangu vita vya mwaka uliotangulia. Yalionekana kwa Heche, mhudumu wa zahanati, ambaye kijiweni waliridhika kumwita Daktari. Kila asubuhi aliteremka na chupa ndani ya koti, jiko likanywa mafuta, naye akanywa kahawa. Alishajiambia kwamba friji la chanjo likikosa mafuta hayo siku mbili tatu si neno, mradi mlango wake usifunguliwe. Siku mbili tatu hizo sasa zilikuwa na wiki saba.

Asubuhi hiyo Waitara, aliyeitwa Redio kwa kuwa yake ndiyo pekee iliyobaki na betri, alifika nayo kwapani, na habari.

— Ndui imekwisha. Dunia nzima. Wametangaza.

— Imekwisha imekwenda wapi? — aliuliza Simioni.

— Imekufa, Balozi. Hakuna mgonjwa hata mmoja.

— Haikufa, ilipotea njia. Ilizoea kutufuata kwenye maboma, huyu kilima hiki, yule kilima kile. Tulipopangwa mstari ikafika kwangu ikakuta kuta tupu, hata mlango hakuna. Ingebisha wapi?

— Mnaisahau Sirari nyie — Lukmani alisema huku akipampu jiko. — Mpaka ulifungwa sabini na saba. Redio, mgonjwa wa mwisho alionekana lini?

— Sabini na saba hiyo hiyo. Huko Somalia.

— Haya. Ilikuwa inashuka huku, ikakuta kizuizi.

— Mura, kijana wewe, ng'ombe wanapita pale kila siku — alisema Simioni.

— Ng'ombe wana wenyewe wa kuwapitisha. Ndui ina nani?

Walicheka, na Heche akacheka nao. Kuhusu ndui alikuwa na amani kabisa.

— Hebu Daktari atuambie — Simioni alisema. — Ugonjwa unaweza kwisha moja kwa moja, usirudi?

Heche, mwenye kozi ya miezi sita, aliweka kikombe chini polepole kama mwenye kozi ya miaka sita.

— Kitaalamu, inategemea.

— Inategemea nini?

— Uhamasishaji wa wananchi.

Wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Jibu lisiloeleweka walilipenda.

— Mimi naona tunadanganywa — alisema Waitara. — Wazungu wamebakiza kidogo ndani ya chupa, wameificha kwenye friji.

— Friji la umeme, au la mafuta kama la Daktari?

— Umeme, Balozi. Ulaya hiyo.

— Afadhali. Ingeletwa hapa ingeshaoza. Sisi hata ugonjwa hatuwezi kuutunza.

Kicheko kikapanda tena. Heche aliisukuma chupa tupu kwa kisigino, ikaingia chini ya mlango wa Simioni.

Ndipo Rhobi alipotokea njia ya kisimani, kichwa kimenyolewa upya, na wote wakajua maana yake. Alisimama mbele ya Heche.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Alitoa kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye pindo la kanga.

— Daktari, Mokami wangu ulimchanja mwezi wa nne. Mwandiko ni wako. Jumapili tumemzika. Surua.

— Pole, mama — alisema Waitara. — Kazi ya Mungu.

— Sikuja kuuliza ya Mungu.

Simioni alijaribu kuwachekesha tena.

— Huenda surua imepata hasira, mwenzake kufukuzwa duniani.

Rhobi alimsubiri amalize, kama mtu anavyosubiri gari lipite.

— Mdogo wake katimiza miezi tisa juzi. Nimekuja kuuliza hilo tu. Nimlete kesho?

Kwa Heche, kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Dawa iliyokufa kwa joto haina harufu wala rangi. Ndani ya kichupa inafanana na nzima. Mwezi wa nne alijua, akaichoma hivyo hivyo, watoto wakalia kama kawaida, akina mama wakashukuru. Na hata akilijaza friji leo mafuta hadi shingoni, iliyokufa haifufuki. Jiko lilivuma katikati yao.

— Usimlete — Heche alisema.

— Kwa nini?

Waitara alianza kuhangaika na kitufe cha redio iliyokuwa imezimwa. Simioni alichokonoa tundu la ufunguo kwenye mlango aliokalia. Jiko likakohoa mara mbili, moto wa buluu ukageuka njano, ukazimika kahawa haijachemka. Lukmani, aliyekuwa akihangaika na birika, hakugeuka. Kwa mazoea tu, alimnyooshea Heche mkono.

— Mafuta yameisha, Daktari. Ongeza.

Rhobi aliutazama ule mkono. Kisha akalitazama koti la Heche.