Msikate Kile Kimya cha Mlimani

Sikilizeni wanangu, sogezeni viti, na wewe kitinda mimba zima hiyo feni, maana sauti iliyojaza redio miaka thelathini na minne leo inashindwa na feni.

Msinililie. Nimekula chumvi nyingi, nimekanyaga majangwa, mapango na barafu, kila Jumamosi asubuhi watu wakiacha chai ipoe wanisikilize, na watoto wa watu niliowafundisha porini, zaidi ya elfu sita, nimewarudisha wote, kila mmoja kwa mama yake, na hilo ndilo taji langu, vikombe wachukue wengine.

Kitinda mimba, kambi ni yako, pamoja na mahema, kamba na lile boti la mpira lenye kiraka. Ukifundisha, usianze na mafundo, anza na kuwahesabu watoto. Nyumba ni yenu wawili, na atakayemjengea mwenzake ukuta katikati, radhi zangu asizitafute.

Sasa wewe, binti yangu, kifungua mimba, fundi sauti wangu. Jana uliniona nimefumba macho ukadhani nimelala, ukamwambia mdogo wako kwamba kwenye kipindi cha kuniaga mtarusha ule mkanda wa mlimani, ila utakata pale niliposema hewani, "Nimeogopa, tunarudi," pamoja na kile kimya kirefu kinachofuata. Unataka kunisitiri. Mwanangu, hapo hapana aibu ya kusitiri.

Tulikuwa tunatangaza moja kwa moja, kilele kimebaki saa moja, watoto kumi na mmoja nyuma yangu na wewe mmoja wao, una miaka kumi na mitatu, midomo imekuwa ya buluu, vidole vimeshindwa kufunga zipu. Mkurugenzi wa redio akaniambia kwenye simu ya upepo, "Mwache huyo na mpagazi, wewe panda, watu wanasubiri." Nikamjibu, panda wewe. Tukageuka. Magazeti yakanicheka, nikaitwa Mama Turudi, na mkurugenzi akaninyima kipindi miezi minane. Nilimwekea kinyongo, siwafichi, hadi siku alipokuja kambini amemshika mjukuu wake mkono, akasema, "Nakuletea wewe kwa sababu najua utarudi naye." Kinyongo kikaisha papo hapo. Asiyejua kurudi hapewi mtoto wa mtu, na kwa jina lile lile la kuchekwa wazazi walipanga foleni hadi barabarani. Kilele chenyewe nilikuja kukifikia mara tatu, na hakuna anayekumbuka.

Lakini wewe ulidhani uliniharibia. Hukupanda tena hata kilima, ukajifungia studio ukikata makosa ya watu. Utue huo mzigo leo. Niliogopa kweli, na sijawahi kuwa hodari kama dakika ile.

Niinueni kidogo... hivyo. Mnizike asubuhi, msikawize watu juani. Viatu vyangu vya safari apewe yeyote ambaye vitamtosha. Mungu awape miguu mizima, awape na akili ya kugeuka... na mpendane. Mkanda urushwe mzima, mama, usikate hata pumzi. Kile kimya... watu hudhani nilikosa la kusema. Kipaza sauti nilikiweka chini, kwenye barafu, nikaitia mikono yako kwapani mwangu... nikakushika... nikakushika mpaka ikapata moto.