Fundi Mkuu na Terminali ya Tisa

Baada ya miaka ishirini na saba katika chumba cha kompyuta cha hospitali yetu, Fundi Mkuu, ambaye sote tunamwita Mama, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mimi niliyekaa meza ya jirani yake kwa miaka kumi na moja nimeombwa niandike mazuri yake. Nitajitahidi.

Alianza kama mpiga chapa wa masjala, akajifunza kompyuta peke yake, na ndiye aliyeyahamisha majalada yote ya wagonjwa kutoka makabatini hadi kwenye mashine. Hilo halina ubishi.

Ubishi ulianza mwaka jana. Tulipoletewa kompyuta mpya, aliikataa terminali iliyokuja nazo, yaani lile dirisha jeusi tunaloandikia amri. Tukatafuta nyingine. Ninaposema tukatafuta, yeye alichagua, mimi nikahenyeka kuziweka. Ya kwanza ilichelewa kufunguka. Ya pili ilimtaka ajisajili kwa barua pepe, akaona ametukanwa. Ya tatu ilikuwa na rangi za kupendeza, ila sifuri na herufi O zilifanana kama mapacha. Ya sita niliipenda mimi. Akaifuta nikiwa msalani.

"Mama, si ni kuandika tu?" nilimuuliza, uvumilivu umenishinda.

"Ngoja ukosee, mwanangu," alijibu, macho kwenye kioo.

Ya tisa ilikuwa mbaya kwa sura, maandishi manene, na kila ukibandika amri nyingi kwa mpigo inakuuliza kama una hakika. Akatulazimisha wote tuitumie. Nilinung'unika mwezi mzima.

Kisha Jumanne moja asubuhi, wodi zikisubiri majibu ya maabara, nilinakili amri kutoka kwenye barua pepe ya zamani nikazibandika harakaharaka. Terminali ikauliza kama nina hakika. Nikasoma kwa hasira. Mstari wa tatu ulikuwa wa kufuta kumbukumbu zote za maabara.

Fundi Mkuu alichungulia, akavuta kiti, akasema, "Ghairi hiyo. Tuanze upya, polepole." Hakumwambia mtu. Leo nawaambia mimi.

Msidhani ameridhika. Juzi kanipa karatasi yenye jina la terminali ya kumi, eti niijaribu akishaondoka.

Mama, asante kwa umakini tuliouita ukaidi. Nenda kapumzike, ukawachoshe wajukuu sasa. Afya na furaha viwe nawe. Karatasi ninayo; hiyo ya kumi nitaiweka Jumatatu.